Saa Moja ya Ziada St. George's

Dada yangu ana hesabu yake ya siku za bandarini. Ameirudia mara nyingi, maana kati yetu wawili yeye ndiye mwenye mazoea na meli za kitalii. Ratiba ikisema meli itakaa gatini kwa muda wa saa nane, yeye anatoa saa moja ya foleni ya kushuka, anatoa nyingine ya kurudi mapema, halafu anatoa ya tatu anayoiita ya upuuzi: kutafuta gari, kutafuta choo, kumsubiri mtu aliyesahau miwani. Zinabaki tano. "Na hizo tano," aliniambia tukiwa tumeegemea ukingo wa sitaha, "ukizigawa kwa mambo matano hujaona hata moja."

Nilimwitikia tu. Mbele yetu Grenada ilikuwa inajitokeza kwenye ukungu wa alfajiri, milima ya kijani iliyoshuka hadi majini kama inataka kunywa, na chini yake mji wa St. George's umejipanga ngazi kwa ngazi, paa nyekundu hapa, bati pale, ngome ya mawe juu ya kilima. Ilikuwa siku ya sita tangu tuondoke Florida, mwezi wa Januari, na katika kijidaftari changu nilikuwa nimeandika mambo saba ya kufanya kisiwani. Saba, si matano.

Tulifunga gati saa mbili asubuhi. Tangazo likatolewa kwenye vipaza sauti: abiria wote wawe wamerudi melini saa tisa na nusu, meli inang'oa nanga saa kumi kamili. Kisha msemaji akaongeza sentensi moja ambayo wengi wetu tuliipokea kama tunavyopokea maelezo ya mkanda kwenye ndege, yaani kwa kuendelea kupaka siagi kwenye mkate. Alisema, "Tafadhali fuateni saa ya meli." Dada aliitazama saa yake ya mkononi, ile ya kamba ya ngozi anayoivaa tangu nikiwa mwanafunzi, akatikisa kichwa kuridhika. Mimi sikuwa na saa. Nilikuwa na simu.

Foleni ya kushuka ilizunguka ngazi mbili. Unafika mlangoni, unaichanja kadi yako ya chumba kwenye mashine, mashine inalia, picha yako inatokea kwenye skrini ya askari, na kuanzia hapo meli inajua kwamba haumo ndani. Nilipotia mguu kwenye jengo la abiria simu ikashika intaneti ya bure, nikaitazama: saa nne kasoro dakika kumi. Nikaguna. Foleni gani hii ya kutula karibu saa mbili? Nikataka kumwambia dada, ila alikuwa kishakwenda mbele kuzungumza na madereva. Jambo hilo nikalimeza na kulisahau.

Kabla sijafika kwenye lango la nje askari mmoja wa kike akaninyooshea kidole kichwani. Alikuwa na adabu sana, na ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Kofia niliyovaa, ya ukingo mpana, niliyoichagua dukani kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, ilikuwa na mabaka ya kijani na kahawia kama sare za jeshi. Nchini Grenada raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya mabaka ya kijeshi, awe mwenyeji au mgeni, mtu mzima au mtoto. Sheria ya namna hiyo iko kwenye visiwa kadhaa vya Karibi. Hakuninyang'anya. Alisema tu niiweke ndani ya mkoba na isionekane tena hadi nirudi melini. Nikatoka nje kichwa wazi, jua la saa nne likiwa tayari limekaa vizuri kazini.

Pale nje, kwenye meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha maua, kulikuwa na mama wa makamo ya kupita kidogo, pengine miaka sitini na zaidi, akiuza viungo. Alikuwa amepanga vifuko vya mdalasini, karafuu, tangawizi kavu, binzari, na mikufu mirefu ya viungo iliyotungwa kwa uzi, kungumanga katikati, karafuu na majani makavu ya bay pembeni. Nikaushika mkufu mmoja nikauliza, "Huu bei gani?"

Akanitazama. Akasema taratibu, "Good morning."

Nikasema ndiyo, morning, huu bei gani?

"Good morning," akarudia, sauti ileile, tabasamu lilelile, mikono imetulia mezani.

Hapo ndipo nilipojisikia kama mtoto aliyepita mbele ya wazee bila kuamkia. Mimi, niliyelelewa kwa lugha ambayo salamu zake peke yake zinaweza kumaliza nusu saa, nilikuwa nimekaa siku sita tu kwenye meli, mahali unapomwambia mhudumu "kahawa" naye anakuletea kahawa, na adabu yote imenitoka. Nikaweka mkufu chini. Nikamwamkia upya, nikamuuliza hali. Akaniambia hali yake, goti la kushoto likiwemo, kisha akataja bei: kumi.

Nikampa noti ya dola kumi ya Kimarekani. Akaiangalia, akanirudishia noti ya kumi, noti ya tano na sarafu mbili za dola. "Hiyo kumi yangu ni ya EC," alisema. Kisiwani wanatumia dola ya Karibi ya Mashariki, na dola moja ya Marekani imefungwa kwa dola 2.70 za EC tangu mwaka 1976. Angeweza kunyamaza. Nisingejua hadi leo.

Nilipomfikia dada alikuwa katikati ya kikao na dereva wa teksi ya watalii. Dereva alikuwa ametaja "thelathini" na dada, bila haya, alikuwa anamhoji kama hakimu: thelathini za wapi? Za gari zima au za kila kichwa? Kwenda tu au kwenda na kurudi? Na tukikaa muda mrefu zaidi? Nilijifanya natazama milima. Baadaye, ndani ya gari, bwana mmoja kutoka meli yetu alipogundua kwamba bei aliyoikubali akidhani ni ya EC dereva alikuwa anaihesabu kwa dola za Marekani, nilimtazama dada kwa heshima mpya.

Tulikuwa wanane. Dereva aliendesha kwa kushoto, barabara nyembamba inajipinda kupanda mlima, anapiga honi kila kona kama anasalimia. Kituo cha kwanza kilikuwa maporomoko ya Annandale. Ni maporomoko ya wastani, yana urefu wa kama mita kumi, yamezungukwa na mianzi na migomba pori, na chini kuna dimbwi la maji ya kijani. Vijana wa pale wanapanda hadi juu ya mwamba, wanasubiri kamera zielekezwe, halafu wanajirusha. Mmoja aliruka mara mbili. Wa kundi letu walimrekodi mara zote mbili, wakapiga makofi, wakageuka kwenda garini. Yule kijana alitoka majini, akasimama kando ya njia akitiririka maji, hakuomba kitu, alisimama tu. Ni dada aliyerudi nyuma na kumtilia noti mkononi. Mimi nilikuwa nahangaika na picha zangu, na nilipozitazama usiku ule niliona nimempiga yule kijana picha kumi na moja, miguu iko juu, uso hauonekani hata kwenye moja.

Dereva alikuwa ametupa dakika ishirini. Tukapanda tena hadi Grand Etang, ziwa lililojaa kwenye tundu la volkano ya zamani, zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Huko juu hewa ilibadilika ghafla, baridi, mvua nyepesi isiyoamua kunyesha. Kuna kima wanaoitwa mona, ambao asili yao ni Afrika Magharibi; inasemekana waliletwa kwa meli zilizoleta watumwa. Nilikuwa nimeandika "kuona kima" kwenye kijidaftari. Dereva akapiga mluzi, akaita, akatikisa ndizi. Hawakuja. Tulilitazama ziwa, ukungu ukalifunika, tukatazama ukungu. Dakika kumi na tano zikaisha. Kwa haki kabisa nasema kwamba Grand Etang nimefika, lakini mtu akiniuliza ikoje nitamwambia ina baridi.

Tulipita pia kwenye bustani ya viungo. Kilichonibakia ni njia yake: imemwagwa maganda ya kungumanga mahali ambapo kwingine wangemwaga kokoto, na kila hatua inavunjikavunjika chini ya kiatu na kutoa harufu. Nilitaka kuirudia njia ile polepole. Watu walikuwa wameshaingia garini.

Halafu Grand Anse, ufuko wa mchanga mweupe unaonyooka karibu kilomita tatu, maji yametulia, milozi ya pwani inatoa kivuli. Hapo hata mimi nilikubali kukaa kitako. Tuliogelea, tukala samaki, na ile saa ya dereva ikayeyuka. Alipoita watu wa kurudi, dada akasema kichwa kinamuuma kwa jua, anarudi melini. Mimi je? Kwenye kijidaftari bado kulikuwa na mambo matatu. Nikamwambia nitabaki kidogo, nitarudi na basi kama wenyeji.

"Saa tisa na nusu uwe ndani," alisema.

"Najua, dada."

"Chukua saa yangu."

"Nina simu."

Akashusha pumzi, akanivika ile kofia yake ya ukili kichwani, akaenda zake.

Nikabaki nikipepesuka kati ya kuogelea na kuandika. Nilipokuja kuitazama simu ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Sijui kama umewahi kuhisi tumbo likidondoka huku umekaa. Dakika thelathini na tano. Mji uko mbali kiasi cha kutotembeleka kwa miguu, na meli, kama kila mtu ajuavyo, haimngoji abiria aliyetoka peke yake. Ukichelewa ukiwa kwenye matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe, watakusubiri au watakutafutia njia. Ukiwa umejiendea, unajitafutia ndege ya kwenda bandari inayofuata kwa pesa yako, na pasi yako ya kusafiria pengine umeiacha chumbani, kama mimi. Nilikusanya vitu bila kukunja, viatu mkononi, nikakimbilia barabarani.

Basi namba moja lilikuja haraka, Mungu ni mwema. Ni gari dogo la abiria, limejazwa wanafunzi waliotoka shule, sare zimepigwa pasi vizuri kuliko nguo zangu zote za safari. Muziki wa Karibi uitwao soca ulikuwa unatetemesha vioo. Nilipoingia niliwaamkia wote kwa sauti, somo la asubuhi lilikuwa limeingia, na gari zima likanijibu. Nikalipa kwa ile noti ya tano ya EC niliyorudishiwa na mama wa viungo. Anayetaka kushuka hasemi neno, anagonga bati la gari kwa vifundo vya vidole, ko ko, na dereva anasimama. Binti mmoja wa shule aliona ninavyoitazama simu kila baada ya nusu dakika, akaniuliza kama mimi ni wa meli. Nikasema ndiyo. Akaniambia msongamano wa magari mjini saa hizi ni mkubwa, bora nishuke Carenage nipite kwenye handaki. Akanigongea bati mwenyewe.

Carenage ni bandari ya ndani yenye umbo la kiatu cha farasi, mashua zimefungwa mbele ya nyumba kongwe za matofali. Nilikuwa nimepanga kuitembelea. Niliipita mbio. Handaki la Sendall lilichimbwa miaka ya 1890 chini ya kilima cha ngome ili kuunganisha pande mbili za mji. Lina kama mita mia moja tu, ni jembamba, halina njia ya waendao kwa miguu, na magari hupita humohumo. Ukikimbia ndani yake umevaa kofia ya ukili, mkoba unakupiga nyonga, unasikia kila kitu mara mbili: nyayo zako, pumzi zako, injini iliyo nyuma yako. Mwendesha gari mmoja alipunguza mwendo kunipisha na akacheka, hakika alishawaona wengi.

Nikafika langoni saa tisa na dakika ishirini na mbili, nimelowa chapa. Askari alikuwa yuleyule wa asubuhi. Akaitazama kofia mpya, akaridhika. Kisha akaniuliza kwa upole nakimbilia nini.

"Meli!"

"Ipi?"

Nikamwonyesha. Akageuka akaitazama meli yetu iliyokuwa imetulia gatini, watu wanashuka kwa ngazi, wanashuka, siyo wanapanda. Akaniuliza meli yenu inafuata saa ya wapi. Nikaduwaa. Akaniambia, kama mtu aliyekwisha kuyasema haya mara mia, kwamba saa ya kisiwa iko mbele ya saa ya Florida kwa saa nzima wakati wa majira ya baridi ya huko. Meli nyingine hubadili saa zake, nyingine hukaa na saa za bandari zilikotoka. Simu yangu ilikuwa imebadilika yenyewe asubuhi, pale ilipoonja intaneti. Melini ilikuwa saa nane na dakika ishirini na mbili.

Foleni ya asubuhi haikuwa imenila saa mbili. Ilinila chini ya saa moja, na nilikuwa na ushahidi mkononi tangu mwanzo. Ingekuwa kisiwa ndicho kilicho nyuma na meli mbele, ningekuwa nimesimama pale pale nikiiangalia ikiondoka.

Nilikaa kwenye ukingo wa saruji, nikacheka peke yangu hadi nikakohoa. Nilikuwa na saa nzima na dakika nane ambazo hazikuwa kwenye kijidaftari. Nikakifunga.

Mama wa viungo alikuwa bado yuko mezani kwake, wateja wamepungua. Nikamwamkia, safari hii kwa ukamilifu, nikamuuliza habari ya goti. Akavuta kreti la soda kutoka chini ya meza, akalipangusa kwa kiganja, akasema, "Kaa, mwanangu."

Aliona navyouchezea ule mkufu shingoni, akaniuliza kama nimewahi kuiona kungumanga ikiwa na nguo zake. Sikuwahi. Niliyoijua mimi ni kokwa kavu ya kahawia, ngumu, ya kukwaruza. Akainama akatoa kikapuni tunda la manjano lililopauka, ukubwa wa ndimu nono, limepasuka mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Akaliingiza kidole gumba kwenye ule mpasuko, likafunguka sehemu mbili. Ndani kulikuwa na mbegu nyeusi ya kung'aa, na juu ya mbegu umetandazwa wavu mwekundu, mwekundu wa kucha zilizopakwa rangi, umeishika mbegu kama vidole. Wavu ule ndio basibasi. Aliubandua polepole kwa ukucha, mzima bila kukatika, akauweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa na unyevu na baridi, mwepesi kama ganda la kitunguu. Ukikauka, alisema, wekundu unaondoka, unageuka rangi ya chungwa. Nyama ya tunda wanapikia jamu. Mbegu inakaushwa wiki nyingi mpaka kokwa ijitenge na ganda. Akachukua moja iliyokauka, akaitikisa sikioni kwangu: tik tik tik. "Ikilia hivyo, iko tayari. Ikinyamaza, iache."

Nikamuuliza kama ana miti yake. Alikaa kimya kidogo. Walikuwa na miti arobaini, alisema, upande wa Gouyave, ya baba wa mumewe. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kilipita juu ya kisiwa. Kabla ya siku hiyo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Tunda lenyewe limo kwenye bendera ya taifa. Kufikia asubuhi ya pili nyumba karibu zote zilikuwa zimeharibika, na mikungumanga, ambayo mizizi yake haiendi chini sana, ilikuwa imelala mlimani yote imeelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Katika arobaini yao ilibaki minne.

"Si mlipanda tena?"

"Tulipanda." Akacheka, kicheko cha kweli. "Unapanda mbegu. Unapalilia. Unangoja miaka sita, saba, ndipo mti utoe ua. Halafu unalitazama ua unagundua mti ni dume."

Mikungumanga ina dume na jike, na ikiwa midogo huwezi kuitofautisha kwa macho. Dume halizai. Wanaacha machache kwa ajili ya uchavushaji, mengine wanakata, miaka saba imekwenda. Mumewe alikata mengi, alisema, kila mara akiomba radhi kwa mti kabla ya kuinua shoka, na jirani zake wakimdhihaki.

Kisha akaniuliza mimi ni wa meli ipi, nikamwonyesha, akaitazama kwa muda. Akaniuliza kama nimeiona sanamu ya Carenage. Nikamwambia niliipita mbio. Akatikisa kichwa. Oktoba 22, 1961, meli ya abiria ya Kiitaliano iitwayo Bianca C ilikuwa imetia nanga nje ya bandari hii, injini ikalipuka, moto ukashika. Ndani yake mlikuwa na abiria na mabaharia takriban mia saba. Hakukuwa na kikosi cha kuokoa. Watu wa mji walitia majini kila kilichoelea, mashua za kuvulia, majahazi, vidau vya makasia, wakawaendea. Karibu wote wakaokolewa. Baba yake alikwenda na mashua yake mara tatu, au ndivyo mama yake alivyosimulia, maana yeye alikuwa bado ananyonya. Wageni walilazwa majumbani, wakapewa nguo, wakapikiwa. Nyumbani kwao alilala mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika kiatu kimoja tu, na hakutaka kukiachia hata usingizini.

"Nenda kaione," alisema. "Muda unao."

Muda nilikuwa nao. Nikarudi kwenye handaki, sasa natembea, nimejibana ukutani magari yakipita. Juu ya kichwa changu ilikuwa Fort George, ngome iliyojengwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 18, ambako tarehe 19 Oktoba 1983 Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake kadhaa walipigwa risasi. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakatua kisiwani. Melini walikuwa wametupa mhadhara mzima juu ya ununuzi wa vito, na hilo halikutajwa.

Sanamu ni ya shaba, Kristo ameinua mikono juu kama anayeita mashua, imesimama ukingoni mwa maji na mji uko mgongoni mwake. Aliitoa mwenye meli kuwashukuru watu wa Grenada. Bianca C yenyewe iko chini kule nje, ilizama wakati inavutwa, imelala kwenye kina cha kama mita hamsini, na wapiga mbizi huifuata. Hapo ukingoni kulikuwa na wavulana wawili wanavua kwa kamba ya mkono, miguu inaning'inia. Nikakaa karibu nao. Hawakupata kitu. Nilikaa dakika ishirini na tano, sikupiga picha hata moja, na katika siku nzima ile ndiyo sehemu ninayoweza kukuchorea: kamba ya kijani, chupa ya plastiki waliyoizungushia kamba, jeraha lililopona kwenye goti la mdogo, harufu ya dizeli na mwani.

Saa tisa na dakika tano, ya meli, nilikuwa mezani kwa mama kumuaga. Akanifungia kungumanga mbili kavu na lile tunda bichi. Hakutaka noti. Nikanunua mkufu wa pili ili niweze kumlipa.

Kwenye ukaguzi wa kupanda melini walilichukua tunda, matunda mabichi hayaruhusiwi ndani. Nililijua hilo, ila nilitaka angalau lifike mlangoni. Zile kavu waliniachia.

Dada alikuwa kwenye roshani ya chumba, miguu juu ya kiti. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliitazama saa yake, akanitazama, akashangaa. "Umewahi?"

Nikamsimulia yote, kuanzia simu hadi handaki. Nilipofika pale askari aliponiuliza nakimbilia nini, alicheka mpaka akashika mbavu. Meli ikang'oa nanga saa kumi, mji ukaanza kujigeuza taratibu, ngome, paa nyekundu, ule mdomo wa handaki. Nikampa kungumanga moja. Akaigeuzageuza, akaitikisa karibu na sikio, akaitikisa tena. Halafu akaifungua saa ya mkononi, akaiweka mezani upande wangu.

Asubuhi iliyofuata, St. Lucia, nilishuka nimeivaa, na zile sarafu mbili za EC mfukoni. Kofia ya mabaka niliiacha chumbani.